UZI: "Wananchi wale mtama." Hii kauli inamaanisha nini hasa?

1/
Wahenga walisema penye kuku wengi usimwage mtama. Leo naumwaga makusudi, na kuku ni nyinyi.

Kila bei ya unga ikipanda, kuna kiongozi atasimama jukwaani aseme: "Watu wetu waache kung'ang'ania mahindi, wale mtama." Nusu ya umati itapiga makofi, nusu itamtukana. Wiki ikiisha, kila mtu amesahau.

Hebu tuielewe hii hoja kabla ya njaa nyingine kuturudisha hapa. Kama kawaida ya huu ukurasa: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Hoja tu.

2/
Kwanza tusichanganye nafaka. Mtama ni ule wenye shina refu kama la mahindi, punje za duara juu kwenye kishada, nyeupe au nyekundu-kahawia. Wajaluo wanauita bel, Wakamba muvya, Wabukusu mabele. Wimbi ni zile punje ndogo sana za uji. Mawele ni kishada kirefu kama mkia.

Sokoni zote zinaweza kuuzwa kama "unga wa uji", lakini shambani na sokoni ni mambo tofauti. Huu uzi ni wa mtama.

3/
Mtama ni wa kwetu. Ushahidi wa zamani zaidi wa watu kuulima unatoka mashariki mwa Sudan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mahindi yalitoka Amerika na kufika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao.

Kwa hivyo mtu akisema ugali wa mahindi ndio "chakula chetu cha asili", mwambie pole pole: babu wa babu yake pengine alikula ugali wa rangi nyingine kabisa.

4/
Sasa mahindi yalitupiku vipi? Si kwa utamu peke yake. Yalisukumwa.

Walowezi waliyalima kwa biashara. Vibarua wa mashamba na mijini walilishwa unga wake. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya mkoloni ilianza kudhibiti ununuzi na bei ya mahindi. Mwaka 1964 mbegu chotara ya kwanza kutoka Kitale ikaanza kufikia wakulima. Mwaka 1979 tukapata bodi ya nafaka na mazao, NCPB, tunayoijua hadi leo.

5/
Ona mpangilio huo: mbegu, utafiti, ghala, mnunuzi, bei iliyotangazwa. Vyote vilijengwa kwa ajili ya mahindi. Mtama uliachwa ujitegemee.

Kwa hivyo ukisikia "Wakenya wanapenda mahindi tu", ni kweli, lakini si hadithi yote. Ukijenga barabara ya lami kwenda duka moja na njia ya mbuzi kwenda duka la pili, usishangae wateja wanaenda wapi.

6/
Tuweke vipimo. Kwa mwaka wa kawaida Kenya huvuna mahindi kama tani milioni 3 hadi 4. Mtama mara nyingi huwa kati ya tani laki moja na laki tatu.

Yaani hata tungekula kila punje ya mtama iliyovunwa, bila kutoa hata kilo moja kwa bia au kuku, isingeziba pengo la mahindi yakikauka nchi nzima. Anayekuambia mtama utaokoa taifa msimu ujao anakuuzia ndoto. Ila anayesema hauna maana naye amekosea. Tuendelee.

7/
HOJA YA KWANZA: "Mtama unavumilia ukame."

Kweli. Mizizi yake inaenda chini sana. Majani yana nta inayopunguza upotevu wa maji. Na jua likizidi, mmea unaweza kusimama, kama umelala, kisha ukaendelea kukua mvua ikirudi. Mahindi hayana subira hiyo: yakikosa maji wakati wa kutoa maua, mvua ya baadaye haisaidii kitu.

Na zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Hesabu iko wazi.

8/
Lakini kuvumilia si kuishi bila maji. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi. Wakati huo hata mtama ulikauka.

Kiongozi akisema "pandeni mtama" halafu hana neno kuhusu maji, mabwawa madogo na utabiri wa hali ya hewa unaomfikia mkulima kabla hajapanda, huyo amemtwika mmea kazi ya serikali.

9/
HOJA YA PILI: "Wakulima ni wavivu, hawataki kulima mtama."

Hapana. Waulize kuhusu kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja kama wingu. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo, sivyo? Sasa zidisha kwa milioni moja: tani 10 kwa siku. Hayo ni magunia zaidi ya 110 ya kilo 90, yameenda kabla ya jioni.

Hindi limefunikwa na maganda yake. Punje za mtama ziko nje, kama sahani imeandaliwa.

10/
Zamani watoto ndio walioamka alfajiri kufukuza ndege, na manati mkononi. Leo wako shuleni, na ni vyema wawe huko. Kazi hiyo imebaki kwa mama na nyanya, kuanzia macheo hadi magharibi, wiki kadhaa mfululizo.

Hiyo kazi haina mshahara na haimo kwenye hotuba ya mtu yeyote. Lakini ndiyo sababu familia nyingi zimeamua: acha nipande mahindi, nibahatishe mvua.

11/
Na hapa kuna mtego wa mbegu. Mtama mwekundu-kahawia kama Serena na Seredo una uchungu kidogo, ndege hawaupendi sana. Mtama mweupe kama Gadam hukomaa haraka, kama miezi mitatu, ugali wake hauna uchungu, na viwanda vya bia vinautaka. Ndege nao wanautaka.

Kwa hivyo mkulima anachagua: mbegu inayopendwa na soko na ndege, au mbegu isiyopendwa na wote wawili. Hakuna uvivu hapo. Kuna hesabu ngumu.

12/
Magharibi kuna adui mwingine, kayongo, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Likishaingia shambani, mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri.

Ukitaka kujua kama afisa wa kilimo anafika kwenu, usiangalie gari lake. Angalia kayongo.

13/
HOJA YA TATU, ndiyo yenye kelele zaidi: BIA.

Mwaka 2004 ilianza kuuzwa bia ya bei ya chini ya pipa, keg, ili watu waache pombe haramu zilizokuwa zikiua. Serikali ikaiondolea ushuru wa bidhaa. Kiwanda kikahitaji nafaka ya hapa nyumbani, na mtama ukapata kitu ambao haukuwa nacho: mnunuzi mkubwa.

Wakulima wa Kitui, Makueni, Tharaka Nithi, Siaya, Homa Bay na kwingineko wakaingia.

14/
Kisha 2013 serikali ikaamua keg ilipe nusu ya ushuru uliokuwa umesamehewa. Bei ya glasi ikapanda, wanywaji wakaikimbia, mauzo yakaporomoka. Kiwanda kikapunguza ununuzi. Aliyeumia zaidi hakuwa kwenye baa. Alikuwa shambani na magunia yake.

Mwaka 2015 nafuu ikarudishwa, wakati huu ya asilimia 90. Mwaka 2019 kiwanda cha bia kikafunguliwa tena Kisumu, na mtama wa Nyanza na Magharibi ukapata mlango wa karibu.

15/
Niwape la nyumbani. Shangazi yangu alikuwa amepanda ekari mbili za Gadam msimu ule wa ushuru. Dalali aliyekuwa akipiga simu kila wiki akazima simu. Magunia yakakaa sebuleni, tukawa tunayaegemea kama makochi.

Mwezi wa pili akasema, "Kama hawaji kuununua, si tuule?" Tukala. Ugali, uji, mseto na kunde. Mwaka huo majirani waliopanda mahindi walikuwa wanapima gorogoro dukani. Sisi tulikosa karo, lakini hatukulala njaa.

16/
Nimefikiria hilo jambo mara nyingi. Mtu wa pamba akikosa mnunuzi, hali pamba. Mtu wa tumbaku vilevile. Mtu wa mtama anabaki na chakula.

Lakini msiifanye hadithi tamu. Binamu yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo muhula mzima. Chakula bila soko ni nusu ya maisha. Soko bila chakula ni nusu nyingine. Siasa nzuri ni ile inayompa mkulima zote mbili.

17/
Sasa mnaelewa kwa nini mjadala wa bia hauishi. Upande mmoja unasema: "Tunageuza chakula kuwa pombe huku watoto wana njaa, na vijana wanaangamia." Upande wa pili unasema: "Bila bia hakuna soko, na bila soko hakuna atakayepanda."

Wote wana ukweli. Madhara ya pombe yapo, tumeyaona kwenye mitaa yetu. Na soko lile ni la kweli, limelipa karo.

18/
Swali zuri si "bia au chakula?" Swali ni: kwa nini mtama una mnunuzi mmoja mkubwa tu?

Mkulima mwenye mnunuzi mmoja hana soko, ana bwana. Bei inapangwa upande wa pili wa meza. Na nafuu yenyewe ya ushuru inaweza kuguswa kwa kalamu ya waziri au kwa mswada wa fedha. Mkulima wa Tharaka anapanda Oktoba bila kujua Nairobi itaamua nini Juni.

19/
HOJA YA NNE: "Kama mtama ni mzuri, mbona unga wake ni ghali?"

Swali la haki kabisa. Nenda supamaketi: mara nyingi unga wa mtama au wimbi ni ghali kuliko wa mahindi. Maskini anaambiwa ale chakula cha bei ya tajiri.

Sababu: mavuno ni kidogo na yametawanyika, wasagaji wakubwa mitambo yao ni ya mahindi, mtama mwingi unahitaji kukobolewa na kusafishwa mchanga, na pakiti zinauzwa kama "chakula cha afya" kwa wenye nacho.

20/
Ongeza ruzuku. Mwaka 2017 serikali ilishusha pakiti ya kilo 2 ya unga hadi shilingi 90. Julai 2022 ikatangaza shilingi 100, wakati bei ilikuwa imepita 200. Mara zote mbili ulikuwa unga wa MAHINDI.

Sisemi watu wasingesaidiwa. Njaa haingoji sera. Lakini kila shilingi ya namna hiyo inamwambia msagaji, mkulima na mlaji kitu kimoja: serikali itayaokoa mahindi. Mtama ujiokoe.

21/
HOJA YA TANO: "Tuchanganye unga."

Wazo: wasagaji waweke sehemu ya mtama, wimbi au muhogo ndani ya unga wa mahindi. Limekuja na kuondoka mara kadhaa. Lina faida: mtama unapata soko la kila siku lisilotegemea bia, na nchi inapunguza mahindi ya kuagiza.

Lina shida pia. Mtama wa kutosha utatoka wapi mwaka wa kwanza? Ukikosekana, utaagizwa kutoka nje, na mkulima wetu atakuwa amepigiwa kampeni kwa faida ya mwingine. Na bei ya pakiti itapanda au itashuka? Dai jibu la shilingi, si la "inshallah".

22/
Halafu ladha. Wanasiasa hawaitaji, lakini ndiyo inayoamua. Busia na Siaya watu wanakula ugali wa mtama na muhogo na hawaoni ajabu. Mjini, mtoto akiona ugali wa kahawia anauliza kama umeungua.

Kuna na aibu. Kwa wengi wetu mtama ulikuwa chakula cha njaa, cha msaada, cha "kwa nyanya". Kiongozi ambaye nyumbani kwake hauliwi, akimwambia maskini aule, anasikika kama anamdharau. Hata akiwa na hoja.

23/
Tahadhari mbili za afya, kwa sababu najua jumbe mnazotumiwa.

Moja: mtama si dawa ya kisukari. Ni chakula kizuri, lakini bado ni wanga. Dawa usiache bila daktari.

Mbili: sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa nchi, Makueni na Kitui zikiongoza. Mtama nao unaweza kuipata ukihifadhiwa na unyevu. Akiba haiozi, ila kwa mwenye turubai la kuanikia na ghala kavu.

24/
Sasa la maana kwa sisi wafuatiliaji wa siasa: NANI ANA MAMLAKA GANI?

Katiba, Kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kinachokubalika. Hiyo ni haki, si zawadi ya kampeni.

Jedwali la Nne: sera ya kilimo ni ya serikali ya kitaifa. Kilimo chenyewe, yaani mbegu kumfikia mkulima, afisa wa nyanjani, ghala la kijiji, ni cha kaunti.

25/
Ushuru wa bidhaa (ule wa bia) ni wa serikali ya kitaifa peke yake, Kifungu cha 209. Kwa hivyo gavana akikuahidi kuushusha, anakuahidi kitu kisicho chake.

Na mbunge akikuahidi maafisa wa kilimo kata nzima, pia si kazi yake. Lakini mbunge ANAPIGA KURA kwenye mswada wa fedha. Na mwakilishi wadi ANAPITISHA bajeti ya kilimo ya kaunti. Hapo ndipo pa kuwashika.

26/
Kumbuka pia: mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi angalau asilimia 10 ya bajeti iende kwa kilimo. Wakarudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Ukishika kitabu cha bajeti, hiyo ndiyo rula yako ya kwanza. Rula ya pili: ndani ya kilimo, nafaka za maeneo kame zimepata nini?

27/
Je, kuna njia? Ipo, na haina miujiza. Mnunuzi wa pili na wa tatu.

Shule ni mnunuzi. Mpango wa mlo wa shule unaonunua chakula cha karibu ulianza 2009. Shule ya Kitui ikinunua mtama wa Kitui kwa githeri na uji, mkulima ana soko ambalo mswada wa fedha hauligusi, na mtoto anazoea ladha akiwa mdogo. Hospitali za kaunti nazo zinapika kila siku. Lishe ya kuku pia inahitaji nafaka.

28/
Ya pili: kinu cha kukoboa na kusaga karibu na kijiji, ili mama asitwange. Ya tatu: kupanda kwa wakati mmoja kijiji kizima, ndege wakija wasikute shamba moja peke yake limekomaa. Ya nne: utafiti wa mbegu nyeupe, tamu, lakini zinazowasumbua ndege.

Hakuna hata moja ya hizo inayotosha kwenye bango la kampeni. Ndiyo maana huzisikii.

29/
Kwa hivyo kiongozi akisimama kwenu aseme "kuleni mtama", usipige makofi, usitukane. Inua mkono, muulize:

a) Mbegu gani, na itafika kabla ya mvua au baada?
b) Ndege: kaunti yetu ina mpango gani, au ni manati?
c) Nani atanunua, kwa bei gani, na mkataba uko wapi?
d) Ushuru ukibadilika Juni, nani atabeba hasara?
e) Shule na hospitali zilizo chini yako zinanunua magunia mangapi?

30/
La mwisho (f), la kiungwana kabisa: "Mheshimiwa, kwako nyumbani mnaula siku gani?"

Akiweza kujibu hilo na yale matano, msikilize, huyo amefikiria. Akicheka na kubadilisha mada kuwa wapinzani wake, umeshajua.

31/
Kwa ufupi: mtama hautachukua nafasi ya mahindi kesho. Lakini kwenye nusu kubwa ya nchi hii, familia iliyopanda vyote viwili ina nafasi nzuri ya kula kuliko iliyobeti mahindi peke yake. Wenye kuamua kama hiyo nafasi itakuwa na faida ni sisi, kwa bajeti tunazoziacha zipite na maswali tunayoyameza.

Shangazi bado anapanda. Ekari moja mtama, moja mahindi. Anasema moja ni ya mvua, moja ni ya Mungu. Hajaniambia ipi ni ipi.

32/
Haya, zamu yenu. Kwenu mtama unaitwaje, unaliwa na nini, na gorogoro leo ni pesa ngapi? Wakulima mlioko hapa, nisahihisheni nilipopotoka, nitaweka masahihisho chini ya uzi. Matusi ya vyama pelekeni kwingine.

Wiki ijayo: kwa nini sukari hupanda kila kiwanda "kinapofufuliwa".